Upishi wa Bata kwa Namna ya Kifaransa katika Nyanda za Juu

Bata ni ndege wa kawaida katika nyua za Njombe na Makambako. Hata hivyo, sikukuu inapofika, anayechinjwa aghalabu ni kuku. Mwenye bata akiulizwa sababu, hutoa moja kati ya hizi tatu: nyama ya bata ni ngumu, ina harufu, na mafuta yake yanakinaisha. Malalamiko hayo si maneno matupu. Kila moja lina chanzo kinachoweza kuelezwa kwa sayansi, na kila moja lina dawa yake. Katika sehemu za kusini-magharibi ya Ufaransa, hasa Gascogne na Périgord, wakulima wamekuwa wakimpika bata kwa karne kadhaa kwa namna ambayo hulainisha nyama ngumu na kuyageuza mafuta kuwa chombo cha kupikia badala ya kuwa kero. Makala haya yanaeleza namna hiyo na sababu za kufaulu kwake, jinsi inavyochukuana na mji uliojengwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na pia sehemu moja ya desturi hiyo ambayo katika nyumba za Njombe haifai kuigwa kamwe, kwa kuwa inaweza kuua.

BATA NI YULE YULE

Bata afugwaye sana vijijini mwetu ni yule mkubwa mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambaye hapigi kelele bali hufoka kwa pumzi. Wataalamu humwita Cairina moschata. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walikuwa wamekwisha kumfuga kabla ya meli za Wahispania kufika. Katika karne ya 16 alipelekwa Ulaya. Waingereza wakampa jina la Moscow ingawa hakutoka huko. Wafaransa wakamwita bata wa Barbarie, yaani wa pwani ya Afrika ya Kaskazini, ambako pia hakutoka. Waswahili hawana haki ya kuwacheka, maana nafaka iliyotoka Amerika hiyo hiyo wameiita mahindi. Basi bata, mahindi na viazi mviringo, ambavyo hukutana katika shamba moja la Njombe, vyote vilivuka bahari moja, na vyote vitatu vilikutana vilevile katika mashamba ya Périgord. Mfaransa humnenepesha bata kwa mahindi na kumwandaa pamoja na viazi. Kwa hiyo mpishi wa Njombe anayetaka kujaribu upishi huo hana haja ya kuagiza kitu cha ajabu kutoka ng'ambo.

Bata wengine wote wafugwao, pamoja na wale weupe wapigao kelele, wametokana na bata mwitu wa nchi za kaskazini aitwaye Anas platyrhynchos. Mayai yao huatamiwa kwa siku 28, hali ya bata wa Barbarie huchukua siku 35. Hao wawili wako mbali kwa nasaba kiasi kwamba watoto wao hawazai, kama vile baghala asivyozaa. Na kwa kweli Wafaransa humwita chotara huyo kwa jina litokanalo na baghala. Chotara huyo ndiye anayelishwa mahindi kwa kulazimishwa mpaka ini lake livimbe kwa mafuta. Ulishaji wa namna hiyo umepigwa marufuku katika nchi kadhaa kwa sababu ya ukatili wake, na hakuna haja ya kuuleta Njombe. Lakini yafaa kuujua, kwa sababu mapishi mengi ya Kifaransa yaliandikwa kwa ajili ya bata aliyenona sana. Bata wa Njombe, anayejitafutia chakula mchana kutwa, ana mafuta kidogo zaidi na misuli iliyozoea kazi. Afuataye mapishi hayo neno kwa neno atajikuta hana mafuta ya kutosha.

HARUFU HUTOKA WAPI

Harufu inayolalamikiwa huwa na vyanzo vitatu. Cha kwanza ni tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Ndege huichokoa kwa mdomo na kupaka mafuta hayo kwenye manyoya yake, nayo husaidia kuyazuia yasilowe. Kwa kuku tezi hiyo ni ndogo na watu wengi hawaitambui; kwa bata ni kubwa, na ikiachwa katika sufuria huharibu mchuzi wote. Hukatwa kwa kisu kikali pamoja na nyama kidogo iliyoizunguka, kabla bata hajakatwa vipande. Kazi hiyo ya nusu dakika yaweza kuondoa nusu ya lawama.

Chanzo cha pili ni umri wa dume. Bata dume wa Barbarie akikomaa nyama yake hupata harufu kali, nayo ndiyo iliyoashiriwa katika jina lake la kisayansi, kwani moschata maana yake ni mwenye harufu ya miski. Huko Ufaransa dume huchinjwa akiwa na wiki 12 hivi, na jike akiwa na wiki 10 hivi. Katika nyumba zetu aghalabu huachwa mpaka azeeke, na ndipo watu hushangaa kwamba hapikiki. Cha tatu ni chakula: mafuta ya ndege huhifadhi harufu ya alichokula. Bata aliyekuwa akichakura mtaroni afungiwe kwa majuma mawili au matatu na kulishwa pumba, mahindi na majani safi.

Kuhusu kunyonyoa, maji yanayomtosha kuku hayamtoshi bata, kwa sababu manyoya yake yamepakwa mafuta na maji hayaingii upesi. Maji yawe ya moto zaidi kidogo, karibu nyuzi 65 hadi 70 za sentigredi, na wengine hutia tone la sabuni ili maji yapenye mpaka kwenye ngozi. Wakifanya hivyo, bata hana budi kusuuzwa vizuri sana. Yakiwa yanatokota, ngozi hupikika na kuchanika. Ngozi hiyo itahitajiwa baadaye.

UGUMU NA KIMO CHA MJI

Nyama ya paja la bata ina nyuzinyuzi za misuli zilizofungwa pamoja na utando mweupe wa protini iitwayo kolajeni. Kolajeni ndiyo inayoleta ugumu wa kamba. Kadiri mnyama anavyozeeka na kufanya kazi ndivyo inavyofungana zaidi. Inapopashwa joto katika unyevu, kwanza hujikunja, na hapo nyama huzidi kuwa ngumu na kutoa maji. Mpishi asiye na subira hukata tamaa hapo. Lakini joto likidumu, kolajeni huyeyuka polepole na kuwa jelatini, ule utelezi mtamu unaoganda katika mchuzi uliopoa. Jambo hili huanza chini ya kiwango cha maji kuchemka. Kwa nyuzi 80 hadi 90 kazi hufanyika vizuri, ila yataka saa kadhaa.

Wakazi wa Njombe wanayo sababu ya pekee ya kuijua kolajeni. Huko Kibena Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijenga shughuli zake juu ya magome ya miwati, ambayo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Ngozi ya mnyama ni kolajeni. Tanini huifunga kolajeni hiyo isiyeyuke tena wala kuoza, na ndiyo sababu kiatu hakigeuki mchuzi mvua inaponyesha. Mpishi wa bata hufanya kinyume cha mtengeneza ngozi: anachotaka yeye ni kuifungua.

Sasa suala la kimo. Maji huchemka wakati mvuke wake unapoweza kuusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake. Ufukweni, kwa mfano Dar es Salaam, hilo hutokea kwa nyuzi 100. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Hivyo katika mji wa Njombe maji hutokota kwa nyuzi 93 au 94, na Makambako, ulio chini yake kidogo, kwa kiasi kinachozidi hapo kidogo. Tofauti hii huonekana ndogo katika karatasi, lakini maharage yanaijua. Mtu aliyehamia kutoka pwani huona kuwa saa alizozizoea hazitoshi, naye huongeza kuni. Kuongeza kuni chini ya sufuria inayochemka hakuongezi joto la maji hata kidogo. Huongeza mvuke tu. Kuni zinaungua na nyama inabaki pale pale.

Hapa ndipo upishi wa Gascogne unapokuwa na faida kwa nyanda za juu. Namna yao kuu ya kupika paja haihitaji nyuzi 100 wala haijapata kuzihitaji. Hutaka nyuzi 85 hadi 92, kwa saa mbili na nusu au zaidi. Kiwango hicho kinapatikana Njombe sawasawa na kinavyopatikana Bordeaux. Mapishi ya kuchemsha yaliyopimwa pwani hubadilika yanapopanda mlima, lakini haya hayabadiliki. Sufuria ya presha, bila shaka, hufupisha kazi kwa kupandisha kiwango cha kuchemka, na mwenye nayo amshukuru Mfaransa mwingine, Denis Papin, aliyeibuni katika karne ya 17. Lakini ladha ya nyama iliyopikwa humo ni ya mchuzi, si ya mafuta.

KONFI, AU PAJA LILILOPIKWA NDANI YA MAFUTA

Chakula hiki huitwa konfi, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kuhifadhi. Vitu vinavyotakiwa ni mapaja mawili ya bata pamoja na miguu yake, chumvi, vitunguu saumu, pilipili manga, karafuu mbili au tatu, na mafuta ya kutosha kufunika nyama katika sufuria ndogo.

Kwanza nyama hupakwa chumvi. Kipimo kizuri ni gramu 18 hadi 20 kwa kila kilo moja ya nyama, yaani karibu kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa. Vitunguu saumu vilivyopondwa na pilipili manga hupakwa pamoja, kisha chombo hufunikwa na kuachwa usiku kucha mahali pa baridi, na ikiwezekana katika jokofu. Chumvi kwanza huvuta maji kutoka katika nyama. Baadaye hurudi ndani pamoja na sehemu ya maji hayo, hulegeza protini za misuli na kuzifanya zishike maji zaidi wakati wa kupika. Kwa hiyo nyama iliyotiwa chumvi mapema haikauki kama ile iliyotiwa chumvi mezani. Asubuhi nyama husuuzwa haraka na kupanguswa mpaka ikauke kabisa. Asiyeisuuza asilaumu mtu kwa chumvi kuzidi.

Wakati huo mafuta huyeyushwa. Mafuta mengi ya bata yapo tumboni karibu na mkundu, shingoni na chini ya ngozi. Hukatwakatwa vipande vidogo na kuwekwa katika sufuria pamoja na kikombe kimoja cha maji. Maji hayo yana kazi maalum: maadamu yapo, joto la sufuria haliwezi kupanda juu ya nyuzi 94 za Njombe, hivyo mafuta huyeyuka bila kuungua. Maji yakikauka sauti ya sufuria hubadilika. Mchemko wa kishindo huwa mlio mwembamba, kisha hunyamaza. Hapo mpishi huondoa sufuria na kuchuja. Vipande vya ngozi vinavyobaki vikikaangwa kidogo na kutiwa chumvi huwa vitamu sana, na mara nyingi havifiki mezani.

Bata mmoja wa kienyeji hatatoa mafuta ya kutosha kufunika mapaja yake. Wafaransa wenyewe, yalipopungua, walichanganya na mafuta ya nguruwe; asiyetumia nguruwe achanganye na mafuta ya alizeti, ambayo ni ya kimiminika na hayana ladha kali. Jambo hili haliharibu chakula, na sababu yake ni muhimu. Watu hudhani kwamba mafuta huingia ndani ya nyama na kuilainisha. Sivyo. Nyama ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta na maji havichanganyiki; mafuta ya sufuriani hubaki nje. Kazi yake ni kuizunguka nyama kwa joto lililo sawa pande zote, kuzuia hewa, na kuacha ladha juu ya nyama wakati wa kula. Kinacholainisha ni joto, muda, na maji ya nyama yenyewe. Ndiyo maana sufuria iwe ndogo na nyama ibanwe ndani yake: chombo kikubwa hupoteza mafuta bure.

Nyama ikishafunikwa, moto uwe mdogo sana. Mkaa wa miwati, ambao hupatikana kwa wingi Njombe, huwaka kwa muda mrefu na kwa ukali. Hivyo makaa machache yaliyofunikwa majivu yanatosha. Makambako, ambako upepo hupuliza kiasi cha watu kufikiria kuutumia kwa kuzalisha umeme, jiko la mkaa likiwekwa uani hupandisha joto kwa ghafla kila upepo uvumapo, na konfi hugeuka kuwa nyama ya kukaanga. Jiko liwekwe nyuma ya ukuta, lakini pasiwe chumba kilichofungwa, kwa sababu ya hewa ya sumu itokayo katika mkaa.

Asiye na kipimajoto hutazama mapovu. Mapovu yatokeayo katika mafuta si mafuta yanayochemka. Ni maji ya nyama yanayogeuka mvuke. Povu moja moja likipanda kando ya nyama, joto ni sawa. Mapovu yakiwa mengi na yenye kelele, nyama inakaushwa, na makaa yapunguzwe. Kwa bata kijana saa mbili na nusu hutosha. Kwa dume la mwaka mmoja au zaidi, saa nne si nyingi. Kijiti cha kuchokolea meno kikipenya hadi mfupani bila kusukumwa, na nyama ikiwa imejivuta kutoka ncha ya mfupa, kazi imekwisha.

Paja lililotolewa hivi ni laini lakini limepauka. Kabla ya kuliwa huwekwa katika kikaango cha moto, upande wa ngozi chini, mpaka ngozi iwe ya rangi ya dhahabu iliyokolea. Rangi hiyo na harufu yake hutokana na protini na sukari kuungana katika joto la nyuzi 140 na zaidi, tendo lililoelezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard. Haliwezi kutokea maadamu ngozi ina maji, kwa kuwa maji hulishikilia joto chini. Ndiyo maana nyama ya kuchemsha haiwi ya dhahabu hata ikipikwa kutwa.

Na malalamiko ya tatu, ya mafuta kukinaisha? Mafuta ya ng'ombe au mbuzi huyeyuka kwa nyuzi 40 na zaidi, ambazo ni nyingi kuliko joto la kinywa. Hivyo huganda juu ya ulimi na kwenye ufizi. Mafuta ya bata huwa laini hata katika nyuzi za chini ya 20. Karibu nusu yake ni asidi ya oleiki, ile ile iliyo nyingi katika mafuta ya parachichi, zao ambalo siku hizi limeupa mkoa wa Njombe jina. Katika asubuhi ya Juni mjini Njombe hukutwa yameganda meupe sufuriani, lakini mdomoni huyeyuka mara moja. Yanayokinaisha katika mchuzi wa bata ni wingi wake, si aina yake, na hapa wingi huo hubaki katika sufuria. Yabaki kuwa mafuta hata hivyo. Mwenye kushauriwa na daktari apunguze asidanganywe na maneno ya Wafaransa.

MTUNGI WA GASCOGNE USIIGWE

Konfi haikubuniwa kwa ajili ya ladha. Wakulima wa Gascogne walichinja bata na bata bukini mwanzoni mwa majira ya baridi, wakawapika hivi, wakawapanga katika mitungi ya udongo, na kumimina mafuta juu mpaka yakaganda na kuziba. Mitungi iliwekwa katika vyumba vya chini ya ardhi, na nyama ikaliwa kwa miezi. Mtu wa Njombe akisoma habari hii, hasa asiye na jokofu, atafikiri amepata jibu la shida yake: mji wake ni wa baridi, usiku wa Juni na Julai hufikia hata umande kuganda, kwa nini mtungi usifae?

Haufai, na sababu ni hizi. Kifuniko cha mafuta huzuia hewa, na kwa hivyo huzuia ukungu na bakteria wengi. Lakini yupo bakteria mmoja ambaye hewa ndiyo adui yake, na kukosekana kwa hewa ndiko kunakomstawisha: Clostridium botulinum. Mbegu zake zimo katika udongo wa kila mahali, na bata ni ndege achakuraye udongo na matope. Mbegu hizo hazifi kwa nyuzi 94, wala kwa 100. Viwanda vya chakula cha makopo huzitia katika mvuke wa presha wenye nyuzi 121 ili kuziua. Konfi ya nyuzi 90 huua bakteria wa kawaida waliomo, na kuziacha mbegu hizi zikiwa hazina mshindani. Nyama ikikaa siku nyingi mahali pasipo na baridi ya kutosha, huota na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo. Haina lazima kubadili rangi wala harufu ya chakula. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope huanguka, ulimi huwa mzito, kisha udhaifu hushuka mpaka kwenye misuli ya kuvuta pumzi.

Chumvi ingeweza kuzuia, lakini kiasi cha kuzuia aina zilizo sugu hukaribia sehemu 10 kwa 100 za maji ya nyama, na chakula hicho hakiliki. Konfi ya siku hizi ina chini ya robo ya kiasi hicho. Baridi nayo ingesaidia kama ingekuwa ya daima na ya kweli. Baridi ya Njombe si ya daima. Usiku ni mkali, mchana jua hupasha ukuta wa jikoni, na chumba chenye moto wa kupikia hakipoi. Kinachofaa ni jokofu lenye nyuzi chache chini ya 5, na humo pia konfi ya nyumbani iliwe kwa siku chache tu. Kipande kinachopashwa tena kipashwe mpaka ndani kabisa: sumu yenyewe, tofauti na mbegu, huharibiwa na joto la zaidi ya nyuzi 85 likidumu dakika tano au zaidi, na mchemko wa Njombe unatosha kwa hilo. Hiyo ni kinga ya ziada, si ruhusa ya kula nyama ya mtungini. Asiye na jokofu apike kiasi kitakacholiwa siku hiyo hiyo, awaite majirani.

KIDARI, DANZI NA VIAZI

Yaliyobaki ni mepesi. Kidari cha bata ni chekundu kama nyama ya ng'ombe, tofauti na cha kuku, kwa sababu jamaa za bata huruka safari ndefu na misuli ya kidari chao imejaa mayoglobini, protini yenye chuma ihifadhiyo oksijeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpishi André Daguin wa mji wa Auch alianza kukiandaa kama mnofu wa ng'ombe, kikiwa chekundu ndani, na mtindo huo umeenea duniani. Katika nyumba ambayo bata amechinjwa uani haupendekezwi. Bakteria wa utumbo wa ndege, kama Salmonella, huhamia kwenye nyama kwa urahisi wakati wa kupasua, nao hufa kwa uhakika sehemu ya ndani inapofikia nyuzi 74. Ngozi ya kidari ichanjwe mistari bila kufika kwenye nyama, iwekwe katika kikaango kisicho na mafuta, kwa moto mdogo, mpaka mafuta yake yatoke. Kisha kigeuzwe na kuivishwa. Kikikatwa vipande vyembamba kwa kukingamana na nyuzinyuzi, ugumu unaobaki hausumbui.

Mchuzi maarufu wa bata na machungwa hapo zamani haukutengenezwa kwa chungwa tamu bali kwa lile chungu, ambalo watu wa pwani wanalifahamu kwa jina la danzi. Sukari kidogo huunguzwa mpaka iwe ya kahawia, hukatwa kwa siki, kisha hutiwa maji ya danzi na supu ya mifupa ya bata. Uchungu na ukali wake hukata mafuta. Danzi halistawi katika baridi ya Njombe. Mwenye safari ya Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea huachana na ile ya Zambia na ambako treni ya TAZARA husimama, huenda akapata machungwa ya mikoa ya joto, na akiyachanganya na ndimu atakaribia. Plamu za Njombe ambazo hazijaiva sana hufanya kazi hiyo hiyo bila safari.

Viazi humenywa, hukatwa vipande vya unene wa kidole, huchemshwa kwa dakika chache (kwa Njombe chache zaidi ya zile za kitabuni), hukaushwa, na kukaangwa katika vijiko vitatu vya mafuta ya bata pamoja na vitunguu saumu mwishoni. Wanga ulio juu ya kiazi kilichochemshwa kwanza hukwaruzika na kushika mafuta, na hapo ndipo ukavu wake wa kupendeza unapotoka. Vitunguu saumu vikitiwa mapema huungua na kuwa vichungu.

Mafuta yaliyobaki yasimwagwe. Huchujwa kwa kitambaa yakiwa ya moto na kuachwa yatulie katika bakuli la kina. Chini yake hukusanyika tabaka la kahawia litelezalo: ni jelatini na maji ya nyama, tamu sana kwa kutilia katika maharage, lakini ndimo bakteria wanamoota. Mafuta yakishaganda, huinuliwa kama kifuniko na tabaka hilo hukwanguliwa lote na kutumika siku hiyo. Mafuta matupu, yasiyo na tone la maji, huwekwa katika chupa safi mahali pa baridi na penye giza, na huweza kupikia mara mbili au tatu zaidi. Yakianza kutoa povu katika kikaango, au kunuka kama rangi ya mafuta, hewa imekwisha kuyaharibu, na hapo hutupwa.